Nani Anamsubirisha Nani: Niliyoyaona Kwenye Vyama vya Korosho Mtwara

Ofisi nyingi za AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, nilizoingia Tandahimba, Newala na Masasi zina mchoro wa muundo wa chama uliobandikwa ukutani, mara nyingi jirani na kalenda ya benki. Juu kabisa kuna kisanduku cha Mkutano Mkuu wa Wanachama. Chini yake Bodi, kisha Meneja, kisha karani, mtunza stoo na mlinzi. Kisheria mchoro huo hausemi uongo: Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inaupa mkutano mkuu mamlaka ya juu ndani ya chama. Mkulima ndiye bosi. Ila ukimkuta huyo bosi mwezi wa Novemba amekaa chini ya mwembe tangu alfajiri, anasubiri karani amalize chai ili amwambie kama pesa zimeingia, unaanza kuutazama ule mchoro kwa jicho lingine.

Mimi ni mtoto wa uwanda wa Makonde. Nilipomaliza kidato cha sita nilifanya ukarani wa msimu kwenye chama cha msingi cha kijijini, kisha nikaenda chuo kusoma sosholojia ya taasisi: namna vyama, ofisi, mashirika na kampuni zinavyopangwa, na namna mpangilio huo unavyoamua nani afanye kazi gani, alipwe lini na aheshimiwe na nani. Nikarudi huku kufanya utafiti, na sijaacha tangu hapo. Nadharia nimesoma nyingi. Swali lililonifaa kuliko yote nililiokota kwenye foleni: hapa nani anamsubirisha nani?

Kazi ya karani wa mizani ukiieleza inaonekana ndogo. Gunia linapandishwa, unasoma uzito, unaandika kwenye daftari, unachana risiti, unaita mwingine. Lakini karani ndiye anayeshika korosho mkononi, anaitikisa, anasema, "Hizi bado mbichi, kaanike tena." Kauli hiyo inamrudisha mtu nyumbani na magunia yake juu ya baiskeli, na kama mnada ni wiki hiyo, amekosa mnada. Wazee waliokuwa wakiniitikia marahaba mwezi wa tano, mwezi wa kumi na moja waliniita "bosi". Sikuwa nimepandishwa cheo. Nilikuwa nimekaa mahali ambapo watu hulazimika kusimama.

Max Weber, yule Mjerumani aliyefariki 1920, aliandika kuwa ofisi ya kisasa husimama juu ya kanuni, mafaili na ngazi za mamlaka, ili mtu ahudumiwe kwa utaratibu bila kujali ni mtoto wa nani. Nilipomsoma mara ya kwanza nilicheka. Kijijini kwetu kila karani ni mtoto wa dada wa mtu fulani, na sisi Wamakonde tunajua mjomba ana uzito gani. Baadaye nikaona kwamba Weber alikuwa ameeleza jambo ambalo wakulima wenyewe wanalidai kila siku. Hakuna aliyewahi kunijia akisema anataka upendeleo. Walikuwa wanataka kipimo kilekile alichopimiwa wa mbele yao, na karatasi ya kuthibitisha. Wanaopenda kusema kuwa Mwafrika hapendi urasimu wakae siku moja mizani wasikilize.

Nilipoanza utafiti niliachana na mchoro, nikalifuata gunia.

Linatoka shambani, ambako korosho zimeokotwa na kutenganishwa na mabibo, zikaanikwa. Linafika AMCOS, linapimwa, linapangwa daraja. Linasubiri lori. Lori linakwenda ghala kuu, ambako mwendesha ghala anapima upya, anaangalia ubora, kisha anatoa stakabadhi. Karatasi hiyo ndiyo moyo wa mfumo mzima wa stakabadhi ghalani, ambao kisheria unatokana na Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2005, na kwenye korosho ulianza kutumika mkoani kwetu msimu wa 2007/08. Kuanzia hapo kinachosafiri ni karatasi, korosho zenyewe zimelala. Chama kikuu kinakusanya stakabadhi za vyama vya msingi, kinapanga loti, loti zinapelekwa mnadani. Huku kwetu vyama vikuu ni TANECU kwa Tandahimba na Newala, na MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Lindi wana Lindi Mwambao na RUNALI, ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mnunuzi akishinda analipa, pesa inapitia chama kikuu, inashuka chama cha msingi, inaingia benki kwa jina la mkulima ikiwa imeshakatwa ushuru wa halmashauri, ushuru wa vyama, usafirishaji, ghala, na mengine yanayoorodheshwa kwenye kile kinachoitwa mjengeko wa bei.

Kwenye kila kituo cha safari hiyo kuna mtu anayesubiri na mtu anayesubiriwa, na wanaosubiriwa si wale walio juu ya mchoro.

Chukua magunia matupu. Korosho zetu huwekwa kwenye magunia ya katani au juti, si viroba vya plastiki. Msimu ambao magunia yamechelewa, chama chenye meneja hodari, bodi safi na wanachama elfu moja kinasimama. Mwaka mmoja nilimwona mwenyekiti wa AMCOS, mtu mzito wa kijiji, amesimama mlangoni kwa kijana wa stoo wa huko juu, anambembeleza ampe walau magunia mia mbili. Kijana yule hayumo kwenye mchoro wowote niliouona, na mwenyekiti alikuwa anamwita "ndugu yangu" kila baada ya sentensi.

Au chukua unyaufu. Korosho ikikaa inakauka, na ikikauka uzito unapungua. Kijijini imepimwa kilo fulani, ghala kuu inapimwa kilo pungufu. Zile kilo zilizoyeyuka hazina mwenyewe. Mwendesha ghala anasema nimepokea nilichopokea. Mkulima ana risiti yake mkononi. Chama kikuu kinasema wasilianeni huko huko. Hasara inabaki mezani kwa AMCOS, ambayo haina mfuko wa kuibeba, na meneja anamtazama karani. Ndipo penye asili ya ule mchezo ambao wakulima wanaulalamikia vijiji vingi, wa mizani kusoma kilo hamsini na kidogo, daftarini ikaandikwa hamsini kamili. Watu husema ni wizi tu wa makarani, na wezi wapo, sitawatetea. Lakini hata ukimleta mcha Mungu kwenye meza ile, kama muundo umempa hasara isiyo yake bila kumwonyesha pa kuipeleka, ataisukuma kwa asiyeweza kuisukuma tena. Nimeona makarani wakibadilishwa misimu mfululizo kwenye chama kimoja na mchezo ukabaki palepale.

Kituo cha mwisho, benki, ndicho kilichonifundisha zaidi. Zamani pesa ililipwa mezani, taslimu, watu wakaitwa majina. Kulipia benki kumepunguza uporaji na kumepunguza wajanja wa kugawa noti pungufu. Kumezaa pia mlango mpya. Kwenye daftari la chama mtu ameandikwa Mohamedi, benki anaitwa Mohammed, na kwenye kadi ya mpiga kura ni Muhamadi Saidi. Malipo yanagonga, yanarudi. Nani anayarekebisha? Meneja, au kijana wake, anayepanda bodaboda kwenda mjini na orodha kwenye flashi. Asiporudi leo, atarudi Jumatatu. Wiki ile anayoshikilia orodha ya majina yaliyogonga, huyo kijana ana nguvu kuliko bodi nzima, na watu wanajua, ndiyo maana nyumbani kwao hawakosi kuku.

Halafu akaunti ina jina moja, shamba lina mikono mingi. Hili halizungumzwi vya kutosha. Mikorosho yetu mingi hupaliliwa na wanawake na watoto, na kuokota korosho ni kazi ya wanawake karibu yote. Ulipwaji wa mezani ulikuwa na kelele zake, lakini ulikuwa hadharani: mke alijua siku ya malipo, alikuwepo, na ndugu wa upande wa mke walikuwepo, maana kwetu shamba mara nyingi limetoka kwa upande wa mama. Pesa ilipohamia kwenye akaunti, ilihamia kwenye simu ya mwenye jina. Mama mmoja wa Newala aliniambia, bila kunung'unika, kama anayenielekeza njia: "Sasa hivi korosho naziokota mimi, ujumbe wa benki anausoma yeye." Hakuna aliyekaa kikao akaamua kuwanyang'anya wanawake kauli. Ilikuwa fomu yenye nafasi ya jina moja. Wanawake waliofungua uanachama kwa majina yao wenyewe, na siku hizi ni wengi kuliko zamani, walinieleza kuwa mgogoro mkubwa haukuwa na chama. Ulikuwa nyumbani, juu ya kugawa miti: mikorosho ipi ipelekwe kwa kadi ipi.

Sasa nizungumzie kangomba, kwa sababu bila kangomba huwezi kukielewa chama.

Kwa wasioifahamu, kangomba ni ununuzi wa korosho vijijini kwa fedha taslimu, nje ya mfumo rasmi, kwa bei iliyo chini ya ile ya mnada; mnunuzi mwenyewe naye huitwa kangomba. Mara nyingi pesa hutolewa mapema, korosho hata hazijachanua, miezi ile ambayo nyumbani chakula kimepungua, salfa ya kupulizia ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, inatakiwa, mtoto anahitaji sare. Viongozi wa serikali kila msimu hukemea, sheria inakataza, watu hukamatwa. Na kila msimu kangomba yupo.

Hotubani kangomba huelezwa kama fujo, kama mahali ambapo utaratibu umekosekana. Nilipokaa na kufuatilia niliona kinyume chake. Kuna tajiri mjini mwenye mtaji. Kuna wakala kwa kila kata. Kuna vijana wa baiskeli na pikipiki. Kuna mwenye nyumba anayehifadhi. Na mwisho wa mnyororo kuna mwanachama halali wa AMCOS anayekubali korosho hizo zipitishwe mizani kwa jina lake, akapata chochote. Yaani zile korosho za magendo zinaingia ghala lilelile, mnada uleule. Kangomba hana ofisi wala mchoro, ila ngazi anazo, mgawanyo wa kazi anao, na nidhamu yake ya madeni ni kali kuliko ya benki. Anachouza ni kitu kimoja: kutokusubiri. Bibi yangu mzaa mama, ambaye hakusoma hata darasa moja, aliwahi kuniambia, "Mwanangu, chama kina bei. Kangomba ana hela." Nimeisoma sana hoja ya Ronald Coase ya mwaka 1937, kwamba kampuni huundwa pale gharama za kununua na kuuza sokoni kila mara zinapokuwa kubwa mno, na naikubali, ila bibi alinifikisha haraka zaidi.

Ndiyo maana nadhani kukamata mawakala peke yake hakutasaidia. Kila siku inayoongezeka kati ya mizani na malipo ni mtaji wa kangomba. Mfumo wa mwanzo ulikuwa wa mafungu: AMCOS inakopa benki, mkulima anapewa malipo ya kwanza, salio linafuata baada ya mauzo. Bei ya dunia ikishuka katikati, salio linayeyuka. Aprili 2013 wakulima wa Liwale walipopewa malipo ya pili pungufu na waliyoahidiwa, ilikuwa vurugu, nyumba za baadhi ya viongozi zikachomwa moto. Waliochomewa ni wale waliokuwa karibu na kufikika. Bei ilikuwa imeamuliwa mbali sana na Liwale, lakini muundo ulikuwa umewaweka viongozi wa vyama mbele ya mkulima kuwa uso wa ahadi ambayo hawakuwa na uwezo wa kuitimiza. Baadaye malipo ya mafungu yakaachwa, ikawa kusubiri mnada na kulipwa mara moja. Mkopo ukaondoka, subira ikaongezeka.

Chuoni tulisomeshwa pia Robert Michels, ambaye mwaka 1911, baada ya kukitazama chama cha kisoshalisti cha Ujerumani, alidai kwamba kila chama, hata kilichoundwa kwa ajili ya usawa, huishia mikononi mwa wachache. Aliiita sheria ya chuma. Rafiki zangu wa darasani waliipenda sana, ilikuwa inatoa jibu kwa kila kitu. Mimi naona alipata nusu. Kwenye vyama nilivyovifuatilia viongozi huondolewa, tena kwa kishindo. Uvumi wa mahesabu ukianza Jumatatu, Ijumaa mwenyekiti hana kiti. Lakini anayechukua nafasi anatoka kwenye kundi lilelile dogo la watu wanaoweza kusoma leja, wenye pikipiki, na wenye mtu nyumbani wa kupalilia wakati wao wako vikaoni. Gharama ya kuongoza ndiyo inayochuja, kabla ya kura.

Nusu aliyoikosa Michels nimeiona mnadani. Kwenye mkutano mkuu wa kupitisha makisio, wanachama wanapewa vitabu vya kurasa nyingi, mhasibu anasoma tarakimu kwa saa mbili, watu wanasinzia, mwishoni wanaulizwa "mmeridhia?" wakaitikia ndiyo kwa pamoja kama darasa la chekechea. Watu walewale, wiki chache baadaye, wako mnadani. Bei zinasomwa. Swali ni fupi: tunauza au hatuuzi? Hapo hakuna anayesinzia. Nimeona bibi mwenye magunia mawili akisimama mbele ya wanunuzi waliotoka mbali, anasema hiyo bei rudini nayo, na umati unamfuata. Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala walikataa bei za mnada. Msimu uliotangulia walishaiona bei ikivuka shilingi 4,000 kwa kilo, hawakuwa tayari kushuka kiasi kile. Kukataa kwao kulifika mbali. Novemba Rais John Magufuli alitangaza kuwa Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuzibeba.

Msimu ule ni darasa peke yake. Jeshi lina muundo mfupi: amri inatoka, lori linaondoka. Ghala zilizokuwa zikilalamikiwa foleni zilipata watu wa kupakia usiku na mchana. Lakini kabla ya kulipwa ulifanyika uhakiki, kuwatambua wakulima wa kweli na kuwachuja kangomba, na waliopeleka zaidi ya kilo 1,500 walitakiwa kuthibitisha mashamba yao. Foleni ikahama kutoka ghalani ikaenda kwenye orodha ya uhakiki. Wapo waliolipwa mapema, wapo waliosubiri miezi. Na kila mtu akataka kujuana na mtu anayemjua mhakiki.

Tangu 2024 minada inaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, bei zinaonekana kwenye skrini badala ya kusomwa kutoka kwenye karatasi ambazo wanunuzi walikuwa wakizitumbukiza sandukuni. Shaka ya nani kafungua sanduku imepungua sana. Wakulima bado wanakusanyika, bado wanaulizwa. Naona hiyo ni busara. Ingekuwa rahisi mtu kudhani skrini inatosha.

Yote haya hayakuanza jana, na hapa nitapita haraka. Kusini imeshawahi kuwa maabara ya mashirika makubwa. Mpango wa karanga wa Waingereza ulifika Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, umepangwa London na watu waliohesabu ekari kwa mamilioni kabla ya kujua udongo na mvua. Kufikia 1951 ulikuwa umeachwa, na mamilioni ya pauni yamekwenda. Tulibaki na bandari ya Mtwara na kumbukumbu ya reli iliyong'olewa. Katika miaka hiyo hiyo na iliyofuata wakulima wadogo, bila shirika lolote kubwa la kuwasimamia shambani, walipanda mikorosho mpaka nchi ikavuna tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74. Kisha zikaja operesheni za vijiji, watu wakahamishwa mbali na miti yao. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Ubwiri unga ukaingia kwenye mashamba yaliyogeuka pori. Sehemu ya bei iliyomfikia mkulima ikapungua. Msimu wa 1986/87 uvunaji ulikuwa umeporomoka hadi takribani tani 16,500. Sheria ya 1982 ilirudisha ushirika, lakini mjomba wangu, aliyekuwa mjumbe wa chama cha zamani, alisema uliorudi ni jengo. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kipindi hicho vilikamilika wakati korosho za kubangua hazipo. Baadhi ya majengo hayo leo ni maghala, na kila ninapopita naona lori za korosho ghafi zinaingia kulala ndani ya kiwanda.

Watu wanaokuja kufanya utafiti huku huniuliza waanzie wapi. Wengi wanaanza na dodoso lenye swali "Je, unashirikishwa katika maamuzi ya chama?" Kila mkulima atajibu ndiyo, kwa adabu, na atakuuliza kama umekula. Mimi niliacha kuuliza maoni. Nauliza: mara ya mwisho pesa yako ilipokwama, ulianza kwenda kwa nani? Halafu kwa nani? Majibu hayajawahi kuanza na mwenyekiti. Mmoja alianza kwa mwenye duka, kwa sababu ndiye anayekopesha na ana simu nzuri. Wengi wa kijiji kimoja walianza kwa mwalimu mstaafu ambaye hana cheo chochote kwenye chama, ila anajua kusoma makato na kusema kama yamezidi. Nilipoyaunganisha majibu hayo kwenye karatasi, yule mwalimu alitokea katikati, mishale yote inamwelekea. Nilimwonyesha. Akakunja karatasi akaitia mfukoni, akasema, "Hii usiwaonyeshe, watanipa ukatibu."

Na mihtasari ya vikao isomwe, lakini kwa kujua imeandikiwa nani. John Meyer na Brian Rowan waliandika mwaka 1977 kwamba taasisi nyingi hubeba muundo kwa ajili ya kukubalika na wanaozitazama kutoka nje, huku kazi yenyewe ikiendelea kwa njia nyingine. Mihtasari ya AMCOS huandikwa kwa ajili ya afisa ushirika wa wilaya na wakaguzi wa COASCO, shirika la serikali la kukagua vyama vya ushirika. Akidi imetimia, ajenda zimefunguliwa, wajumbe wameridhia kwa kauli moja. Mabishano ya kikao kile niliyasikia kwa masikio yangu hadi jua linazama, kwenye muhtasari yamekuwa mstari mmoja. Sisemi ni udanganyifu. Chama kisichojua kuandika hivyo hakipati kibali cha kukopa, na wanachama wake hawapati salfa kwa wakati. Kinachonipa tabu ni kijana mtafiti anayechukua mihtasari hiyo akaandika tasnifu kuhusu demokrasia ya ushirika bila kukaa hata kikao kimoja kwenye benchi.

Misimu ya karibuni mizani ya kidijitali imeanza kusambazwa kwenye AMCOS. Inasoma hadi pointi, inatoa risiti, karani hawezi tena kula gramu bila kuonekana. Wakulima wameipokea vizuri na mimi pia. Lakini mashine inadai namba ya mkulima, na asiyekuwa na namba, au mwenye namba iliyokosewa, gunia lake linakaa pembeni. Kwa hiyo kile kiti nilichokalia mimi enzi za daftari kimehamia kwa kijana anayeingiza na kusahihisha taarifa kwenye mfumo. Nimemwomba meneja wa chama kimoja ruhusa ya kukaa naye msimu ujao wote, nione nani anamfuata, saa ngapi, na anakuja na nini mkononi. Meneja amekubali kwa sharti kwamba siku foleni ikizidi, na mimi nifungue kompyuta yangu niingize majina. Nimemwambia sawa, ila nitayaandika kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, hata mwenye jina akija na kuku.